Kofia ya Lino, Kutoka Kibokoni hadi Mwanza

Kibokoni

Niliondoka Jumatatu asubuhi bila mpango wowote, na nyinyi mnaonijua mtasema hiyo si habari. Nimeshaondoka hivyo mara nyingi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Lakini safari hii nilikuwa nimebeba kitu cha mtu, na tangu nirudi kila anayekaa barazani ananiuliza ilikuwaje. Basi nimeandika, nisije nikasimulia mara arubaini.

Wakubwa wenu wanamkumbuka Lino. Ni yule Mreno aliyekuja Mombasa miaka kumi na minne iliyopita na begi moja na viatu vya mpira, akapanga chumba cha juu kwa shangazi yangu, Bi Shamsa, hapa hapa Kibokoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Timu yake ya kwanza ilikuwa imemwacha na hakujua aende wapi. Jioni alicheza nasi pekupeku kule uwanja wa Makadara, nywele zimemsimama kichwani kama kichaka, na akipiga mpira kwa kichwa tulimtania kwamba utapotelea humo.

Siku moja alimkuta shangazi ukumbini akishona kofia ya mkono, naye akataka yake. Akatoka mwenyewe mpaka Biashara Street, akanunua kitambaa cheupe, akamletea. Shangazi alimzungushia uzi kichwani, akapiga fundo pale ncha ilipofika, akamwambia angoje miezi mitatu. Wiki ya pili yake akaitwa na timu moja ya Saiprasi, akaondoka mbio na begi lile lile, hata hakuaga.

Kofia ilikwisha, mwenyewe hayupo. Na kwa shangazi, kofia iliyopimwa kichwa cha mtu haiendi kwa mwingine, seuze hii ambayo kitambaa kilikuwa cha Lino mwenyewe. Ikawa amana. Kila mwaka kabla ya Idi aliitoa kashani, akaifua, akaitia wanga, akaianika juu ya bakuli lililofudikizwa, akairudisha. Mimi nimekua nikiiona hivyo, nyeupe, ngumu, imejaa viua vidogo vidogo, ikimngoja mtu aliyekuwa Romania.

Mwaka huu shangazi amepata kwenda Hija. Nanyi mnajua mambo ya Hija: mtu hurudisha vya watu, huomba radhi, ndipo huondoka.

"Nitasimamaje Arafa na kofia ya mtu kashani mwangu?" akaniuliza.

"Atakuja siku moja, shangazi."

"Siku moja hiyo uloanza kuisema hujaota ndevu. Mimi naondoka baada ya wiki mbili. Wewe huna kazi, huna mke, huna hata paka wa kumlisha. Kutangatanga kwako kutafaa lini?"

Ni mimi niliyekuwa nikifuatilia habari za Lino kwenye simu miaka yote hiyo, na nilijua yuko Mwanza, Tanzania, kwenye timu moja ndogo, akimalizia mpira wake. Shangazi akanipa kofia. Pamoja nayo akanipa kibunda cha uzi kilichochomekwa sindano, na ule uzi wa kipimo wenye fundo ukiwa juu yake, kwa kuwa kila kofia yake hutoka na uzi wake, ikichanika mwenyewe apate kuitilia.

"Usiivae, usiikunje," akasema. "Na usirudi nayo."

Biashara Street

Nilikuwa nimeibeba kiganjani, juu juu, kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa. Bwana Abbas wa duka la vitambaa akaniona, akatoka nje.

"Salimu! Unauza kofia moja? Biashara gani hiyo?"

Nikamweleza. Akapiga paja.

"Yule Mreno! Mimi ndiye niliyemkatia kitambaa! Hajui Kiswahili, hajui Kigujarati, anasema kwa mikono kama anadai penalti. Sasa yuko wapi?"

Nikamhesabia: kutoka Saiprasi alikwenda Romania, kisha Iran, kisha Vietnam, kisha Angola, sasa Mwanza. Bwana Abbas alisikiliza akizungusha futi yake ya mbao.

"Babu yangu alitoka Kachchh, kule Bara Hindi, mara moja tu, akachoka mpaka alipokufa," akasema. "Huyu hachoki?"

Akaingia ndani, akarudi na mkebe wa biskuti wa duara, akautandika karatasi laini. Kibunda cha uzi kikakaa chini, kofia juu, ikaenea bila kuguswa kando.

"Rudisha mkebe," akasema. "Mke wangu hajui nimeutoa."

Kilindini

Nilikuwa na nauli ya kufika Voi na si zaidi, kwa hiyo nikashuka Kilindini kutafuta lori. Nikampata Musyoka, Mkamba wa makamo mwenye tumbo la heshima, anayepeleka kontena Mwanza. Alinikubalia upesi mno nikashuku. Kumbe kontena lenyewe lilikuwa bado halijatoka bandarini, na alitaka mtu wa kupiga naye porojo.

Tulikaa siku nzima. Saa nne tukala mahamri na mbaazi. Saa nane tukala viazi karai na ukwaju. Karani alipita mara tatu akisema "sasa hivi", na kila mara alionekana kuamini anachosema. Nilitoka nyumbani asubuhi kwenda nchi nyingine, na alasiri ilinikuta ninapoweza kurudi kwa miguu nikale chakula cha shangazi.

"Sasa wewe Mwanza unafuata nini?" Musyoka akauliza.

"Nampelekea kitu mchezaji mpira. Mshambuliaji."

Akautazama mkebe mapajani mwangu. "Ndani kuna nini?"

"Amana yake. Siwezi kuufungua njiani, vumbi litaingia."

"Huuweki chini?"

"Siuweki."

"Na wewe ni mtu wa hapa Mombasa? Kwa asili?"

"Mababu na mababu."

Akatikisa kichwa taratibu, akasogea kidogo upande wa pili wa benchi, na toka hapo akawa ananiita mzee, mimi niliyemzidi kwa njaa tu.

Kibarani

Jumanne asubuhi kontena likatoka. Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka kisiwani, pale Kibarani, tairi la nyuma likapasuka. Wale wa rika langu tunapakumbuka Kibarani kwa moshi na harufu ya taka. Siku hizi pamepandwa miti, na tulikaa kivulini kumngoja fundi kama tuliokwenda kutembea. Musyoka alifungua kinywa kulitukana lile tairi, akautazama mkebe, akakifunga.

"Nieleze huyo mtu wako," akasema.

Nikamweleza ninavyomjua Lino. Kwamba Romania alicheza kwenye theluji, mpira wenyewe wa rangi ya machungwa ili uonekane, akafunga bao kwa goti kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi. Kwamba Iran na Vietnam kote alijifunza kusalimu kwanza ndipo akauliza uwanja uko wapi. Nimeona kwa simu wazee wa huko wakimcheka na kumkumbatia. Kwamba Angola alivunjika mguu akiwa na miaka thelathini na mitatu, magazeti yakamuaga, na mwaka uliofuata akarudi akafunga bao kwa mguu ule ule.

Musyoka alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, usinikasirikie. Mchezaji mzuri timu humfunga kamba asiondoke. Huyu wako ameachwa mara sita. Mtu akiachwa mara sita, kuna kitu."

"Hakuachwa. Alihama."

"Mke wangu wa kwanza naye anasema alihama."

Nilicheka, lakini lile neno liliniuma, na si kwa ajili ya Lino peke yake. Mimi nimeuza samaki Malindi, nimepaka rangi boti Shimoni, nimekaa na fundi saa, nimekaa na shangazi mwenyewe nikijifunza kushona kofia. Kila mahali nimeondoka kabla ya kuwa fundi. Kama Lino alikuwa mtu wa kuachwa, mimi nilikuwa nani?

Voi, Taveta, Singida

Kutoka hapo njia ilifunguka. Voi tulikula nyama na ugali, Taveta ndizi zilizopikwa na maharagwe. Tulivuka mpaka, na ya mpakani siyasimulii, maana ni yale yale ya mipaka yote. Moshi niliomba mahamri nikaletewa maandazi, nikabishana na mama wa watu kuhusu iliki mpaka akaniletea kopo zima la iliki mezani na kusema, "Kaka, jitilie mwenyewe."

Nilichokiona ni jinsi Musyoka alivyobadilika. Hakutukana hata pikipiki zilizomkata mbele. Kila tulipokaribia mizani ya kupimia malori aliniambia, "Mzee, ushike vizuri," na tulipopita salama alishukuru, si Mungu tu, na mkebe pia. Pale Arusha alinikatalia kulipa chai. Nikajua ni ukarimu wa Kikamba.

Singida upepo ni mkali na vumbi ni jingi. Tulisimama kununua kuku wa kuchoma, na vumbi lilipotulia nikaona nifungue mkebe nihakikishe kofia haijadhurika. Musyoka akaruka nyuma hatua tatu, paja la kuku mkononi.

"Usifungulie hapa! Nina watoto watano!"

"Watoto wako na kofia wapi na wapi?"

"Kofia?" Akanyoosha shingo. Akaangalia ndani. Akanitazama mimi. "Hiyo ni kofia?"

"Nilikwambia ni amana."

"Mtu wa Mombasa, anakwenda kwa mshambuliaji, amebeba mkebe hauwekwi chini, haufunguliwi! Nimejua wewe ni mganga, unampelekea dawa ya mabao!" Akaketi juu ya jiwe. "Siku tatu sijatukana! Siku tatu, kwa ajili ya kofia!"

Akaanza kulipa deni lake la matusi pale pale. Alilitukana lile tairi la Kibarani, karani wa bandarini, pikipiki zote za Arusha na mimi mwisho kabisa. Alipomaliza akafuta jasho, akaitazama kofia kwa karibu, mikono nyuma.

"Imeshonwa kwa mkono yote?"

"Yote. Na imefuliwa mara kumi na nne bila kuvaliwa."

"Funga," akasema. "Vumbi."

Mpaka Mwanza hakuniita tena mzee. Lakini kila kwenye shimo alipunguza mwendo.

Mwanza, uwanjani

Tuliingia Jumamosi kabla ya adhuhuri. Sijawahi kuona mji uliojengwa juu ya mawe namna ile. Mawe yamepandiana kama yaliyopangwa na mtu mwenye mzaha, na nyumba zimekaa katikati yake bila hofu. Musyoka alinishusha karibu na uwanja wa mazoezi, tukaagana kwa mikono miwili.

Getini nilimwambia mlinzi: natoka Mombasa, nina mkebe, namtaka Lino. Akakimbia. Akarudi na meneja wa timu, Bwana Masanja, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyenishika mkono akaninong'oneza:

"Mzee wa Pwani, karibu sana. Alhamisi ni mechi ya mwisho, tukifungwa tunashuka daraja. Umekuja wakati wake. Utahitaji kuku wa rangi gani?"

Safari hii nilikuwa nimeshajifunza. Nikafungua mkebe hapo hapo getini, mbele ya kila mtu.

"Ni kofia, bwana. Na kuku namhitaji, lakini wa kuliwa."

Wachezaji wakaja kutazama, na katikati yao akaja Lino. Nilimjua kwa mwendo, ule wa kutupa bega moja mbele. Alikuwa na mvi kwenye ndevu. Kichwani hakuwa na kitu. Kichwa kilikuwa kitupu kabisa, kinang'aa kwa jua la Mwanza kama bakuli la shangazi.

Mtanicheka, na mna haki. Picha zake za karibuni nilizionyesha nyumba nzima, Bi Shamsa akiwamo, na sote tuliona kipara kile. Tulisema, "Maskini, nywele zimekwisha," tukaendelea kutia kofia wanga. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba uzi ulipita juu ya nywele.

Lino aliitazama kofia kwa muda. Kisha akaikumbuka. Niliona ikimjia usoni, chumba cha juu, ukumbi, uzi.

"Bi Shamsa," akasema. Akaivaa. Ikashuka mpaka kwenye nyusi, ikakaa juu ya masikio, na wachezaji wakacheka mpaka mmoja akalala kwenye nyasi. Lino akacheka pia, kofia ikazunguka peke yake.

Nikampigia shangazi, nikaweka sauti ya nje.

"Bi Shamsa, shikamoo," Lino akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza lakini cha adabu.

"Marahaba, baba. Hata kuaga hukuniaga!"

"Nisamehe."

"Nishakusamehe zamani. Nawe nisamehe, naenda Hija. Kofia imekukaa?"

Akanitazama. "Nzuri sana, Bi."

"Sikukuuliza uzuri. Imekukaa?"

Lino akatazama nyasi. Meneja naye akainamisha kichwa.

"Salimu!"

"Naam, shangazi."

"Imemkaa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kofia ilikuwa mikononi mwa mwenyewe, shangazi alikuwa mbali, na alihitaji kuondoka na moyo mweupe. "Haikumkaa," nikasema. "Kubwa. Hana nywele."

Tukasikia kishindo, nadhani alikaa. "Lo! Nilipima nywele! Sikupima kitwa!" Akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Bi, nitaweka kitambaa ndani, itakaa," Lino akasema.

"La. Kofia ya kujazwa matambara ni ya kuazima, na hiyo ni yako. Salimu, uzi si umo mkebeni?"

"Umo."

"Mwaka ule ulishona nami kofia mbili, ya tatu ukaiacha ukatoroka. Mkono hausahau. Fumua, mpime upya, upunguze."

"Shangazi, hiyo ni kazi ya siku tano!"

"Kwani una miadi wapi?"

Akakata simu. Lino akanikalisha kwenye benchi la wachezaji wa akiba, akainamisha kichwa, nikamzungushia uzi ule ule wa kipimo. Nilipopiga fundo jipya lilikuwa nyuma ya lile la zamani kwa vidole viwili na nusu. Kichwa chake kikiwa mbele yangu hivyo, nikapata ujasiri wa kumuuliza lile la Musyoka: kwa nini timu zote zile zilimwacha.

"Timu inayoshinda hainiiti mimi," akasema, akitafuta maneno. "Naitwa na inayozama. Nakuja, nafunga, timu haishuki. Wakishapona, wanatafuta kijana." Akainua mabega. "Timu sita. Haikushuka hata moja nikiwa ndani."

Hakulisema kwa majivuno. Alilisema kama fundi anayetaja milango aliyowahi kutengeneza. Nilitamani Musyoka awepo, aone mtu huyu wa kuachwa. Wala hakuniahidi kitu cha Alhamisi. Alisema tu angekuwepo.

"Na mimi," nikasema. "Nitakuletea mwenyewe."

Gesti ya Mama Kulwa

Bwana Masanja alinielekeza kwenye nyumba ya wageni nyuma ya uwanja, imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe. Mwenyewe ni Mama Kulwa, mama mnene mwenye kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Aliniletea wali na samaki sato kabla ya kuniuliza jina.

"Chumba cha mbele ni kikubwa, kina televisheni," akasema.

"Nataka chenye dirisha la mashariki, mama. Nahitaji mwanga wa asubuhi."

"Kina kitanda kidogo hicho."

"Si neno. Kina meza?"

"Kina meza." Akanitazama, mtu mmoja, hana begi, ana mkebe wa biskuti. "Hukuja kufanya mambo ya ajabu humu ndani?"

"Nashona."

Alinifungulia. Nikaweka mkebe juu ya meza, kwa mara ya kwanza tangu Biashara Street nikauachia. Nikatoa kibunda cha uzi, nikachomoa sindano, nikaitunga. Ilipita tundu mara ya kwanza.

Mama Kulwa alikuwa bado mlangoni na kitabu chake. "Utakaa siku ngapi, mgeni?"

Nimelala gesti na lojing'i za kila namna, kutoka Lamu mpaka Shimoni, na hilo swali nimeulizwa kila mahali. Jibu langu lilikuwa moja siku zote: tutaona.

"Tano," nikasema. "Andika tano."